Mama hainuki bila kushikwa mkono, mazoezi gani yatamfaa?

Binti_Bombo: Asalaam aleikum ndugu zangu. Mama yangu ana miaka 72, niko naye hapa Bombo. Tangu Ramadhani anasalia kwenye kiti, maana akisujudu hainuki mpaka avutwe mkono. Daktari alisema magoti ni mazima, misuli ya mapaja ndiyo imelegea, afanye mazoezi kidogo kila siku. Mazoezi yenyewe hakumwonyesha. Na sisi tumemzoesha kukaa, maji analetewa, chai analetewa. Nianzie wapi?

Fizio_Mbale: Waaleikum salaam dada. Huko kuletewa kila kitu ndiko kunakommaliza nguvu. Ila msuli wa mzee ukifanyishwa kazi hurejea, hata akiwa na 80.

Anza na kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani, cha plastiki kitateleza. Asogee ukingoni, nyayo arudishe nyuma kidogo, ainamishe kifua mbele, ainuke, kisha akae polepole. Kule kushuka polepole ndiko kunakojenga paja, msikuharakishe. Kiti kikiwa kifupi, wekea blanketi. Mara 5 asubuhi, 5 jioni. Asibane pumzi, presha itapanda. Ahesabu kwa sauti.

Akizoea, mpime: mikono kifuani, hesabu anainuka na kukaa mara ngapi ndani ya sekunde 30. Mwanamke wa 70 hadi 74 asiyefika mara 10 yuko katika hatari ya kuanguka.

Mzee_wa_Arua: Mwanangu, mimi nina 68. Nikisubiri chai ichemke nashika meza, nanyanyua visigino mara 10, halafu nasimama kwa mguu mmoja. Ndara zinazoburuta nimeziacha.

Mama_Pacha: Na chakula jamani! Chai na muhogo mtupu havijengi msuli. Mpe mukene (dagaa), maharage, mchuzi wa karanga. Kama anakunywa dawa za presha, asitoke kitandani ghafla, akae kwanza.

Binti_Bombo: Asanteni sana. Dawa za presha anakunywa, nitamwangalia. Leo baada ya alfajiri amefanya 4, ya 5 amenishika bega. Jioni hii mapaja yanamuuma, si vibaya?

Fizio_Mbale: Msuli kuuma siku moja mbili ni kawaida, kesho apunguze ziwe 3. Goti likivimba au likipata moto, aache mrudi kliniki. Kifua kikibana, msingoje kesho.