Naomba ushauri: uzamili wa uongozi wa huduma za afya au wa afya ya jamii?

Wadau, naomba ushauri wenu. Nalinganisha shahada mbili za uzamili. Ya uongozi wa huduma za afya inaingia ndani ya hospitali yenyewe: bajeti, gharama kwa kila mgonjwa, ununuzi wa dawa, zamu za wauguzi, madai ya bima. Ya afya ya jamii inaegemea epidemiolojia (jinsi magonjwa yanavyoenea katika jamii), takwimu na kinga. Lengo langu ni kusimamia hospitali, hivyo navutiwa na ya kwanza. Ila nahofia programu zisizo na mafunzo kwa vitendo: mtu anahitimu bila kujua kwamba dai la bima linaweza kukataliwa kwa sababu tu msimbo wa ugonjwa haulingani na matibabu yaliyotolewa. Mliosoma, niulize nini chuoni kabla ya kulipa ada? Na uhasibu, niuanze mapema?