Beki wa kushoto, miaka 17, pasipoti ya Marekani tu: Ujerumani, Sweden au aanzie MLS?

MjombaWaTexas

Wakuu, habari za saa hizi. Naomba mnisaidie kupima jambo, maana familia imegawanyika na mjomba ndiye anayepigiwa simu usiku wa manane.

Mtoto wa dada yangu kazaliwa hapa hapa Texas. Sisi asili yetu Kigoma, baba yake Mkongo wa Uvira. Ni beki wa kushoto, mbio anazo na krosi zake zinafika. Bado miezi minne atimize 18. Yuko akademi ya klabu moja ya MLS, ligi kuu ya Marekani, tangu ana miaka 13.

Klabu yake inataka asaini timu ya pili, ile inayocheza MLS NEXT Pro, ligi ya timu za pili za klabu za MLS. Klabu ya daraja la pili Ujerumani imemwalika wiki mbili za majaribio. Kuna klabu ya Sweden imeomba video zake na kupiga simu mara mbili. Chuo kikuu kimoja kinatoa ufadhili wa karibu ada yote. Halafu kuna wakala anasema Uhispania ni uhakika, tutoe dola 6,500 za "kambi".

Dada anataka chuo. Shemeji anataka Ulaya hata kesho asubuhi. Dogo mwenyewe kila akifungua mdomo ni Christian Pulisic, yule nyota wa timu ya taifa ya Marekani. Mngekuwa nyie mngeshika lipi?

KipaMstaafu

Mjomba, anza kwa kumwondoa Pulisic mezani, huyo si mfano wenu. Aliingia Dortmund ya Ujerumani 2015 akiwa na miaka 16 kwa sababu babu yake alitoka Kroatia na alipata pasipoti ya huko. Kanuni ya FIFA, kifungu cha 19, inazuia mchezaji kuhama nchi kabla ya miaka 18, na mwanya mmojawapo ni kwa wenye miaka 16 hadi 18 wanaohama ndani ya Ulaya. Gio Reyna naye alipita njia hiyo hiyo kwa pasipoti ya Ureno.

Mfano wenu ni Weston McKennie. Alilelewa akademi ya FC Dallas, hapo hapo kwenu Texas, akasubiri 18, akakataa mkataba wa nyumbani akaenda Schalke 2016. Miaka minne baadaye yuko Juventus. Josh Sargent naye alisubiri 18 ndipo akasaini Werder Bremen.

Kwa hiyo swali la kwanza kabla ya kipaji: babu au bibi upande wowote ana uraia wa Ulaya?

MjombaWaTexas

Hakuna mkuu. Shemeji anasema Wabelgiji waliwatawala miaka yote ile na pasipoti hawakuwaachia hata moja.

RuhrMbongo

Nimecheka peke yangu kwenye treni.

Mimi niko huku Ruhr mwaka wa 11, nafundisha watoto wa chini ya miaka 13 klabu ya mtaani, na Wamarekani wa majaribio nimewaona wengi. Uzuri wa Ujerumani ni kwamba tangu 2006 Bundesliga na daraja la pili hawana kikomo cha wachezaji kutoka nje ya Ulaya. Klabu inatakiwa tu iwe na Wajerumani wasiopungua 12 kwenye mikataba. Na Mmarekani anaingia bila viza, akipata mkataba anaombea kibali cha kuishi akiwa humu humu. Mtanzania mwenzangu hiyo nafasi hana.

Ubaya wake watu hawausemi. Sheria ya ajira inataka mwanamichezo wa kutoka nje alipwe angalau nusu ya kile kiwango cha juu cha mshahara kinachokatwa mchango wa pensheni. Mwaka 2025 hiyo ilikuwa kama euro 4,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Sasa fikiria kijana wa 18 ambaye mwalimu anataka kumweka timu ya vijana, au timu ya pili inayocheza daraja la nne. Kijana wa Kijerumani, au hata Mpolandi, atamchukua kwa posho na nauli. Huyu wa Texas lazima amlipe kama mtu mzima. Ndiyo maana unasikia "alifanya vizuri majaribio, wakasema watapiga simu". Hawapigi. Mguu wake hauna kosa, hesabu ndiyo iliyomkataa.

Kwa hiyo kabla hajapanda ndege, muulizeni aliyewaalika swali moja kwa maandishi: akifaulu, atasainishwa mkataba wa aina gani, timu ipi, shilingi ngapi. Wakizunguka, mmejibiwa.

MkongwePemba

Na lugha je? Kocha wa huko hatafsiri. Landon Donovan alikwenda Leverkusen akiwa kijana mdogo 1999, ikamshinda, 2001 akarudi kucheza San Jose, akaja kuwa miongoni mwa wachezaji wakubwa kabisa waliowahi kuvaa jezi ya Marekani. Kurudi si aibu, lakini kwenda bila Kijerumani hata cha salamu ni kujitafutia upweke.

BuhaOriginal

Wote mnakimbilia Ulaya kana kwamba MLS ni jela. Mjomba, we si wa Kigoma? Bernard Kamungo humjui? Kazaliwa Kasulu, kakulia kambi ya Nyarugusu, wazazi wakimbizi wa Kongo. 2016 familia ikapelekwa Abilene, Texas. Akajitokeza kwenye majaribio ya wazi ya North Texas, timu ya pili ya FC Dallas, akapata namba, akapanda timu kubwa. Agosti 2023 kaifunga Inter Miami ya Messi, na Januari 2024 kavaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani. Kwa njia ile ile ambayo dogo wako anaiona ndogo!

Na MLS sasa ni duka. Tyler Adams alikwenda Leipzig, Brenden Aaronson akaenda Salzburg, Mark McKenzie akaenda Genk (Genk ile ya Samatta wetu), na Alphonso Davies wa Kanada akatoka Vancouver moja kwa moja Bayern. Wote hao walikuwa wamecheza mechi za wakubwa kwanza. Klabu ya Ulaya ikilipa pesa kukununua, inakupa muda wa kukosea. Ukienda bure, ukikosea mara mbili wanakusahau.

RuhrMbongo

Hapo kwenye pesa sikubaliani nawe. Ricardo Pepi alinunuliwa na Augsburg Januari 2022, usajili ghali kuliko wote katika historia yao, na hakufunga hata bao moja la ligi. Bei ile ilikuwa kama gunia la chumvi mgongoni. Kilichomwokoa ni mkopo Groningen. Timu ilishuka daraja, lakini yeye alifunga mabao 12 ya ligi, PSV wakamchukua.

Na duka lenyewe lina mwenye duka mkali. MLS ndiyo inayoshika mikataba ya wachezaji. Kijana akishasaini miaka kadhaa, klabu ndogo ya Sweden au Denmark ikija na kibahasha chake inaambiwa irudi ikiongeza. Anabaki katikati: mdogo wa kununuliwa na wakubwa, ghali kwa wadogo.

BuhaOriginal

Hapo umenipata kidogo. Kidogo.

KivuLouisville

Ndugu zangu, kuna mlango hamjautaja. Huku kwetu Louisville timu iko USL, ligi iliyo chini ya MLS, na mwenye mchezaji ni klabu yenyewe. 2023 walimuuza Joshua Wynder kwa Benfica, dola milioni 1.2, rekodi ya ligi hiyo wakati huo. Kabla yake Jonathan Gómez alitoka hapo hapo akaenda Real Sociedad. Orange County wa California nao walimuuza Kobi Henry kwa Reims. Klabu hizi zinaishi kwa kuuza, kwa hiyo mnunuzi akibisha hodi hazichelewi kufungua. Vijana wetu wa Kivu waliojaa mji huu wanaijua hiyo njia.

GunnerMombasa

Naona hakuna aliyegusa Uingereza, nami naigusa niifunge. Baada ya kutoka Umoja wa Ulaya wanataka alama 15 za kibali, na alama zinatokana na mechi za timu ya taifa, dakika ulizocheza na uzito wa ligi yako. Kuna nafasi chache za upendeleo kwa vijana wenye kipaji, lakini klabu haitaitupa kwa mtoto ambaye hajacheza mechi moja ya wakubwa. Matt Turner alifika Arsenal 2022 akiwa ameshadaka New England ya MLS na timu ya taifa ya Marekani. Uholanzi nako mtu wa nje wa miaka 20 na zaidi lazima alipwe asilimia 150 ya wastani wa ligi, zaidi ya euro laki nne kwa mwaka, na wa miaka 18 na 19 nusu yake. Ajax na PSV wanaweza. Hao wengine wanameza mate tu.

MamaWawili_Minnesota

Samahani kaka zangu, naingilia kama mama. Nimesoma ukurasa wote, neno shule limetajwa na dada wa mleta mada peke yake.

Clint Dempsey alisoma Furman, akacheza New England, akafika Fulham. Turner mliyemtaja alisoma Fairfield na hakuna aliyemchagua kwenye drafti, ule mgao wa klabu za MLS kuchagua wachezaji wa vyuo. Chuo hakikuwaua. Nakubali kwa wavulana siku hizi njia hiyo inachelewesha, unatoka na miaka 21 au 22 wakati wa Ulaya wa umri huo wana mechi mia. Lakini kwa wasichana ni habari nyingine kabisa. Catarina Macario alitoka Stanford akaenda Lyon 2021. Naomi Girma alisoma Stanford, akacheza San Diego, na Januari 2025 Chelsea wakamnunua kwa zaidi ya dola milioni moja, mwanamke wa kwanza kufikia bei hiyo. Wangu ana 14 na mimi namwambia asome.

Na kuna kitu huenda hamkijui: kijana wa akademi anaweza kucheza NEXT Pro kama mchezaji wa ridhaa, bila mshahara, asipoteze sifa ya kuchezea chuo. Mjomba, waulizeni klabu hilo kabla hajashika kalamu. Mtapata mechi za watu wazima na mlango wa dada yako ubaki wazi.

MjombaWaTexas

Dada, hilo sikulijua, na sidhani shemeji analijua. Nashukuru sana.

Wa Sweden yupo humu?

GöteborgMzee

Nipo, nilikuwa zamu ya usiku.

Ukiniuliza mimi, beki wa kushoto wa miaka 18 apelekwe anakocheza. Msimu wa Sweden na Norway unaanza majira ya kuchipua mpaka Novemba, unakaribiana na wa Marekani, kwa hiyo Januari anakuta wote wanaanza mazoezi naye. (MLS wenyewe wanahamia kalenda ya Ulaya 2027, hapo hesabu itabadilika.) Kila mtu anaongea Kiingereza. Mwalimu akikupenda unacheza Aprili. Pesa ni ya kununulia jaketi, sikufichi, na klabu lazima ziweke idadi kubwa ya waliolelewa nchini kwenye orodha ya mechi, kwa hiyo nafasi ya mgeni lazima uistahili.

Mwangalieni Haji Wright wa Los Angeles. Schalke hakupata namba ya kudumu, akaenda Sandhausen, akaenda VVV Uholanzi, kote huko hakutulia. Aliyempa uhai ni SønderjyskE, klabu ndogo ya Denmark ambayo nusu yenu hamwezi kuitamka. Akafunga, Antalyaspor wakamchukua, 2023 Coventry wakamnunua, akafunga kwenye Kombe la Dunia 2022 hapo katikati. Angekuja Denmark mwanzo angeokoa miaka miwili ya kusugua benchi.

KipaMstaafu

Wakala wa Uhispania mbona mmemwacha anatembea huru? Timu ya LaLiga inaruhusiwa wachezaji watatu tu wa nje ya Umoja wa Ulaya. Watatu! Nafasi hiyo atapewa mtoto wa kambi ya kulipia?

Binamu yangu aliwahi kulipia kambi ya namna hiyo, nchi siitaji. Wakapelekwa uwanja wa shule, jezi zina nembo iliyofanana na ya klabu kubwa, na "skauti" aliyekaa jukwaani alikuwa mpishi wa hosteli. Alirudi na fulana na cheti.

Wakala halali ana leseni ya FIFA, jina lake linatafutwa mtandaoni kwa dakika moja, na kwa mtoto chini ya 18 lazima awe na ruhusa ya ziada na saini ya mzazi. Malipo yake ni asilimia ya mshahara, mkataba ukishasainiwa. Anayetaka chake kabla ya mkataba anauza kambi.

RuhrMbongo

La mwisho kwangu, ni la karatasi lakini linaua dili nyingi. Akiondoka bila kusaini nyumbani, klabu mpya bado inaweza kudaiwa fidia ya malezi, yaani pesa ya kuilipa klabu iliyomfundisha utotoni. Zamani Wamarekani hawakudai, ndiyo maana akina McKennie walitoka bure. Tangu Aprili 2019 MLS imesema inadai. Viwango vya Ulaya ni kati ya euro 10,000 na 90,000 kwa kila mwaka wa malezi kutegemea daraja la klabu inayomchukua, na huyu amekaa akademi miaka mitano. Klabu ya Sweden ikipiga hesabu hiyo inaweza kukimbia. Kaeni na akademi mapema, waseme kwa maandishi watataka kiasi gani au asilimia ngapi akiuzwa baadaye. Wakijua watakula kesho, wanalegeza leo.

MjombaWaTexas

Wakuu, narudi na mrejesho baada ya wiki tatu.

Wa Uhispania nimetafuta jina lake kwenye orodha ya FIFA, halipo. Nimempigia kumuuliza namba ya leseni, akasema mtandao unakatika. Tangu siku hiyo umekatika moja kwa moja.

Wajerumani tuliwaandikia swali la RuhrMbongo. Jibu: majaribio ni "kumtazama tu", mkataba wa kikosi cha kwanza hawaahidi. Wasweden wamesema wanaweza kumchukua Januari akishatimiza 18, mkataba wa miaka miwili, lakini wanataka kwanza kujua fidia. Akademi wameomba asilimia ya mauzo ya baadaye badala ya pesa taslimu, wanajadiliana. Kwa sasa dogo anacheza NEXT Pro kama ridhaa. Ameanza mechi mbili, ya pili winga mmoja wa miaka 27 kamzungusha mpaka akatolewa dakika ya 60. Amerudi nyumbani kimya, Pulisic hajatajwa siku nne.

Ujerumani bado anakwenda, wakati wa likizo, akaone tu, klabu imetoa barua ya ruhusa. Dada amekubali kwa sharti moja: nani atampikia.

RuhrMbongo

Unga upo, duka la Waghana liko dakika kumi kutoka kwangu. Mwambie dada alete dagaa wa Kigoma, wa hapa wamejaa mchanga.