Mjadala: Kongo ianze na mto au na lami?

Ndugu zangu, kila yanapozuka mazungumzo ya usafiri katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wengi hukimbilia lami. Wanasema nchi haitasonga mbele mpaka Kinshasa na Kisangani ziunganishwe kwa barabara, na kwamba mto ni usafiri wa kizamani, wa polepole, tena unaoua. Mimi napinga. Fedha za kwanza ziende mtoni.

Tazameni ramani. Mto Kongo una urefu wa kilomita 4,700 hivi, na kwa wingi wa maji unazidiwa na Amazon peke yake. Toka Kinshasa hadi Kisangani ni zaidi ya kilomita 1,700 zisizo na poromoko hata moja la kuizuia meli. Ukishika mto Kasai, unaoingia Kongo, unafika Ilebo, ambako reli ya kutoka Katanga inakuja kukutana na maji. Ongeza Ubangi na mito mingine, njia zinazopitika zinafikia kilomita 15,000 hivi. Hizo hazihitaji kokoto wala daraja.

Zinahitaji matunzo, na hapo ndipo tulipoanguka. Sehemu za katikati mto unapanuka hata kupita kilomita 10, umejaa visiwa, na mchanga wake hautulii: penye kina mwaka huu, mwakani ni fungu. Ndiyo maana utawakuta vijana wamesimama mbele kabisa ya tishari, pondo mikononi, wanapima maji na kumpigia nahodha kelele. Wakikosea kidogo, chombo kinapanda mchangani. Abiria, mbuzi, magunia ya mahindi, madumu ya mawese, vyote vinakaa hapo siku kadhaa vikingoja kuvutwa, na samaki wa mtu anaharibika. Nahodha ni hodari, lakini anaongozwa na kumbukumbu yake tu. Maboya, alama za kingoni, ramani mpya za mkondo, mashine za kuchimba mchanga: hiyo ni kazi ya shirika la serikali la njia za maji, RVF, lililoundwa tangu 1971. Lipewe fedha, kisha lidaiwe kazi.

Kuhusu ajali, nakubali zinatisha, na waliofiwa wana haki ya kuuchukia mto. Ila chunguzeni sababu zinazojirudia: boti la mbao lililojazwa watu na mizigo kupita kiasi, safari ya usiku bila taa, abiria wasio na maboya ya kuvaa. Ukiihamishia tabia hiyo barabarani, lori litaua vilevile.

Upande wa Lualaba, yaani sehemu ya juu ya Mto Kongo, hoja yangu ni ngumu zaidi, sitaficha. Mzigo wa Bukama ushuke kwa maji hadi Kongolo, upande reli hadi Kindu, urudi majini hadi Ubundu, upande reli tena kukwepa maporomoko ya Boyoma ndipo uione Kisangani. Na hata ukifika Kinshasa, maporomoko ya chini yanaudai kilomita 366 nyingine za reli hadi bandari ya Matadi. Kila kupakua na kupakia ni gharama, ni wizi, ni siku zinazopotea. Reli fupi moja ikifa, mnyororo wote umekatika. Kwa hiyo ninaposema mto, nasema pamoja na vipande hivyo vya reli.

Barabara sizikatai. Nataka zianzie vijijini ziishie bandarini, ili mkulima wa ndani asibebe gunia kichwani hadi ukingoni.

Sasa wa lami kwanza, nijibuni hili: barabara ya msituni, mvua ikinyesha karibu mwaka mzima, madaraja kila mahali, itatunzwa na nani na kwa fedha zipi, ikiwa kuweka maboya tu mtoni kumetushinda?