Miswada ya tenzi Mji wa Kale, Mombasa: kituo cha chuo kikuu chataka kutusaidia, tukubaliane nini kwanza?

Kibokoni7
Assalam alaikum wakubwa. Kikundi chetu kina miswada kama 30 ya tenzi na kasida kwa hati za Kiarabu, mali ya nyumba 4 tofauti, na wazee 6 wanaozighani. Kituo cha sanaa na utamaduni cha chuo kikuu kimoja kiko tayari kutupa vifaa na fungu dogo la pesa, ila kwanza tuandike pendekezo la kurasa 3 na tutie saini makubaliano. Tushikilie nini kwenye makubaliano hayo? Na kupiga picha, simu haitoshi?

MtunzaNyaraka
Waalaikum salaam. Anza na karatasi, kamera itangoja. Vituo hivi hupimwa kwa machapisho na pia kwa swali la "jamii imefaidikaje?". Hilo la pili hawalijibu bila nyinyi, na hapo ndipo turufu yenu ilipo.

La kwanza: muswada usitoke nyumbani. Neno la kuogopa ni "mkopo wa muda". Wao ndio waje na kamera. La pili: nakala kamili za picha, kwa ukubwa ule ule walio nao wao, zibaki kwenu kwenye diski, kiungo cha mtandaoni peke yake hakitoshi, tovuti hufungwa mradi ukiisha. La tatu, ambalo watu hulipitia haraka: ruhusa ni tatu, si moja. Kupigwa picha, kusomwa chuoni, na kuwekwa mtandaoni. Kila nyumba itie saini yake, maana kikundi hakiwezi kutoa ruhusa ya mali ya mwenyewe.

Chukueni mfano wa mashairi ya Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19: yalinusurika kwa kazi ya Mwalimu Sikujua akishirikiana na mmishonari Mwingereza W. E. Taylor, yakachapishwa Johannesburg mwaka 1940, na karatasi za Taylor ziko SOAS, chuo kikuu cha London. Ziko salama, hilo halina ubishi. Ila anayeamua nani azione si mtu wa Mombasa.

Kisheria, hakimiliki Kenya hudumu miaka 50 baada ya mtunzi kufa, kwa hivyo utenzi wa kale hauna ulinzi huo. Tegemeeni sheria ya 2016 ya maarifa ya jadi, na ile ya ulinzi wa data ya 2019 kwa majina na sauti za wazee. Kituo nacho kiulizeni kibali chao cha utafiti cha NACOSTI (tume ya serikali inayotoa vibali vya utafiti), na kama kinataja Mombasa.

Kuhusu pesa: chuo hutoa kwa awamu, na bila risiti awamu ya pili hamuioni. Tuktuk haitoi risiti, basi wekeni daftari la malipo: jina, tarehe, kiasi, sahihi. Halafu msiandike "zawadi kwa wazee", mhasibu ataikata. Andikeni "ujira wa mtaalamu, siku 2".

PichaNaKaratasi
Simu yatosha kwa orodha ya awali. Kwa nakala ya kudumu haifai, kwa sababu hunoa picha na kubadilisha rangi yenyewe, na wino mwekundu uliofifia hupotea kabisa.

Kamera ya megapikseli 24, lenzi ya 50 au 60 mm, iangalie chini wima juu ya stendi. Taa 2 za LED, kila moja upande wake kwa nyuzi 45. Flashi hapana. Fungeni pazia, maana jua la dirishani hubadilisha rangi kila baada ya dakika chache. Kitambaa cheusi chini, na picha ya kwanza ya kila muswada iwe na rula na kadi ya rangi ya kulinganishia.

Kitabu kisilazimishwe kulala wazi. Egemezeni majalada kwa taulo zilizokunjwa. Glavu acheni, hunasa kwenye kingo zilizokauka. Mikono ioshwe na ikauke. Pale wino ulipokula karatasi hadi ikatoboka, ingizeni kadi nyembamba chini ya ukurasa ndipo mgeuze. Gundi ya utepe na laminesheni ni haramu kabisa, naomba nisibishwe.

Kosa ninaloliona sana ni la mpangilio. Msaidizi aliyezoea vitabu vya herufi za Kirumi huanza upande wa kushoto, na utenzi mzima ukaingia kinyumenyume. Miswada mingi ina neno dogo chini ya ukurasa ambalo ndilo linaloanza ukurasa unaofuata. Likaguliwe kabla ya kufunga kitabu. Lisipolingana, mmeruka ukurasa.

Picha moja ya TIFF (faili la picha lisilobanwa) kwa kamera hiyo ni kama MB 72, kwa hivyo kurasa 400 ni kama GB 29. Wekeni nakala 3, moja nje ya kisiwa. Na kamera ilale kwenye sanduku lisilopitisha hewa pamoja na vifuko vya silika (chembe za kunyonya unyevu), la sivyo unyevu wa hapa utaotesha ukungu kwenye lenzi.

Mghani
Msitenganishe sauti na picha. Hati za kale haziwekei tofauti i na e, wala u na o. P huandikwa kwa herufi ba, na m au n mbele ya konsonanti mara nyingi huachwa. Neno moja lasomeka "pita" au "peta", na "pembe" hubaki ba mbili tu. Mzee akighani huku ukurasa uko mbele yake, na mtu akitaja namba ya ukurasa kwenye rekodi, utata huo umekwisha.

Rekodini kwa WAV (faili la sauti lisilobanwa), 48 kHz, biti 24. Saa moja ya mono, yaani mkondo mmoja wa sauti, ni kama nusu GB. Maikrofoni iwe shibiri moja kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Saa 3 hadi saa 5 asubuhi ndio wakati mzuri, adhuhuri bado. Feni na friji zizimwe, na ufunguo wa nyumba utieni ndani ya friji. Hamtaondoka bila kuiwasha tena.

Kibokoni7
Shukran sana. Nyumba moja yakubali picha lakini haitaki mtandao katu. Tuiache nje ya mradi?

MtunzaNyaraka
La. Kwenye jedwali la orodha ongezeni safu ya "ruhusa": 1 picha, 2 chuoni, 3 mtandaoni. Nyumba hiyo iandikwe 2 ikikubali isomwe chuoni, au 1 isipokubali. Namba hiyo iingie pia kwenye jina la faili, kwa sababu majedwali hupotea na mafaili hubaki.