Flashi moja kwa kila mwanafunzi au eksteno mbili za darasa? Nanunua Alhamisi

mwalimu_wa_kisiwani
Wakuu habari za jioni. Nina kama laki sita mkononi na Alhamisi navuka kwenda Mwanza mjini kununua. Nataka wanafunzi wangu wawe na programu za kusomea zisizohitaji kuinstoo, unachomeka, unafungua, unatumia, unachomoa unaondoka. Sasa nimegawanyika, nichukue flashi za GB 32 kila mtoto na yake, au nichukue eksteno mbili, zile diski za nje za TB 1, zikae kwangu? Kuna jamaa kanambia pia habari ya kuweka Linux nzima, ule mfumo unaokaa badala ya Windows, kwenye flashi. Kipi bora? Nijibuni mapema bando lenyewe linakata.

sato_mkavu
Flashi. Maliza.

fundi_mirongo
Mkuu umeuliza kama mtu anayeuliza bei ya dagaa bila kusema kilo au gunia. Kompyuta ngapi? Windows ipi? RAM? Wanafunzi wangapi, somo gani? Bila hayo tunapiga ramli tu hapa.

mama_fizikia
Na hizo kompyuta ni za kwenu? Maana mtu anayetafuta programu zisizoinstooliwa mara nyingi ni mgeni kwenye mashine za watu.

mwalimu_wa_kisiwani
Mayu umenikamata. Si zetu, kuna chuo jirani wanatuazima chumba Jumamosi saa tatu mpaka saa sita. Ziko 14 zinazowaka ni 11. Windows 7, ila mbili zina Windows 10. RAM GB 2. Paswedi ya adimini hatupewi, alafu ukizima ukawasha kila kitu kinarudi kama mwanzo, walichosevu watoto kimekwenda. Wanafunzi 38 kidato cha tatu. Mimi ni wa hesabu na fizikia, hii ya kompyuta nimebebeshwa tu.

fundi_mirongo
Sasa ndo umeuliza. Hiyo ya kurudi kama mwanzo ni Deep Freeze, programu ya kugandisha mashine, au ndugu yake, kwa hiyo kazi ya mtoto lazima ikae kwenye kitu anachoondoka nacho. Chukua PortableApps, ule mkusanyo wa programu za kubeba kwenye flashi, ujaze LibreOffice ya kuandikia, VLC ya video, Firefox ya brauza. Ila angalia matoleo, kwenye Windows 7 Firefox iliishia 115, na LibreOffice kuanzia 25.8 haikubali tena Windows 7, ukidaka ya juu kabisa utafika Jumamosi watoto 38 wanakutazama na dirisha halifunguki. GeoGebra ya hesabu nayo ipo ya kubeba, chukua Classic 5, hizo mashine za GB 2 zitaivumilia.

Na LibreOffice ukiifungulia kwenye flashi ya USB 2 andaa subira. Inasoma vifaili vidogo vidogo mia kidogo, unaweza kwenda kununua karanga ukarudi. Mimi huwa naanza kwa kukopi foda nzima kwenye desktopu, naifungulia pale, kazi tu ndo nasevu kwenye flashi. Mashine ikizimwa desktopu inajisafisha yenyewe, hiyo Deep Freeze hapo inakufanyia usafi bure.

mpuppy_wa_nyakato
Mbona mnamzungusha mwalimu. Puppy Linux. Inapanda yote kwenye RAM, mashine ya GB 2 inapaa, na virusi vya Windows havina pa kushika. Kama kuna mashine za biti 32, zile za kizamani, muwekee antiX, Linux nyingine nyepesi, maana Ubuntu waliacha biti 32 zamani. Mimi tangu nihame Windows sijawahi

fundi_mirongo
Ngosha umeanza. Mashine ni za kuazima, BIOS yenyewe, ile mipangilio ya mashine kabla Windows haijawaka, labda ina paswedi. Unamwambia mgeni aingie kwa watu abadilishe mlango.

mpuppy_wa_nyakato
Habadilishi chochote, anabonyeza F12 anachagua flashi basi. Kwenye diski yao haigusi kitu. Aombe ruhusa, ni dakika moja.

fundi_mirongo
Aombe kwanza ndo anunue, si anunue ndo aombe. Na F12 si ya mashine zote, kuna F9 kuna Esc.

mama_fizikia
Waacheni hao wawili, kila uzi wanapigana hivyo hivyo. Mwalimu ngoja nikusimulie yaliyonikuta mimi, nipo huku bara upande wa Sengerema.

Mwaka juzi nilifanya hicho unachotaka, flashi 40, kila mtoto na yake. Nilikaa usiku mbili nakopi. Niliweka PhET, zile simulesheni za Chuo Kikuu cha Colorado Boulder za umeme na mawimbi, unadaunilodi faili moja moja la HTML unalifungua kwenye brauza bila intaneti, kuna mpaka zilizotafsiriwa Kiswahili. Nikaweka na Kiwix, programu ya kusomea bila intaneti, yenye Wikipedia ya Kiswahili. Nikaandika namba kwa rangi ya kucha, moja mpaka arobaini, nikajiona nimemaliza.

Wiki ya pili mtoto namba 17 ananiletea, madam foda zimekuwa mishale. Nikajua hapo hapo, kirusi cha shotikati. Foda zote zimefichwa, zimebaki shotikati zenye majina yale yale, ukibofya moja ndo unaipandisha kwenye mashine. Kumbe alipeleka steshenari kuprinti barua ya dada yake, mashine ile inakula flashi za mtaa mzima. Mpaka nakuja kustuka zilikuwa 23. Nikakaa nazo moja moja, unafungua ile sikirini nyeusi ya kuandikia amri unaenda kwenye herufi ya flashi unaandika attrib -h -r -s /s /d *.* foda zinarudi, alafu unafuta zile shotikati na kile kifaili cha ajabu ajabu. Mara 23, umeme nao unakata katikati.

Na hizo ndo zilikuwa na nafuu. Zilizobaki zilirudi na singeli. PhET imefutwa, Kiwix imefutwa, nyimbo mia nne. Mtoto mmoja akaniambia bila hata kuona aibu, madam baba kaichomeka kwenye sabufa ya kibanda cha chipsi.

sato_mkavu
Namba ngapi huyo wa chipsi 😂

mama_fizikia
Namba 8. Simsahau.

Kwa hiyo ushauri wangu ni hesabu ndogo. Mashine 11, watoto 38, wanakaa watatu wanne kwa mashine. Flashi 38 za nini? Nunua 12 nzuri, moja ya akiba, zikae kwako kwenye kopo, wanachukua wakiingia wanarudisha wakitoka. Pesa inayobaki chukua eksteno moja ya nakala mama na isichomekwe mashine ya mtu, kompyuta yako tu.

mwalimu_wa_kisiwani
Mayu nimekuelewa sana ila kuna kitu sikusema. Hii hela kila mzazi katoa elfu kumi na sita. Na kwenye kikao niliwaambia mtoto atapata flashi. Nikirudi na kopo la flashi 12 nitasimama wapi?

fundi_mirongo
Mwalimu!! Hilo ndo lingekuwa la kwanza kuandika.

kirumba_jioni
Wazazi ni kikao kingine tu, wanaelewa wakielezwa.

mama_fizikia
Kirumba wewe hujawahi kurudisha chenji kwa wazazi.

duka_la_kona
Mwalimu ukifika mjini usiingie tamaa za Makoroboi. Kuna flashi za TB 2 utaambiwa elfu kumi na tano, hizo ndani ni GB 8 imedanganywa ijiite TB 2, unakopi vizuri mpaka ikijaa ile ya kweli inaanza kuandika hewani, majina ya faili unayaona lakini hayafunguki. Hata hizo za GB 32 zipo feki. Beba laptopu yenye H2testw, ni kiprogramu kidogo cha Wajerumani hakihitaji hata kuinstoo, kinaijaza flashi yote alafu kinasoma tena kuona kilichoandikwa ndo kilichopo. Tatizo flashi ya USB 2 inaweza kukula zaidi ya saa nzima. Kwa hiyo nunua mbili tatu za mfano asubuhi, pima, zikipita rudi duka lile lile uchukue zilizobaki za boksi lile lile. Jumla unaweza kupata kwa 14,000.

mpuppy_wa_nyakato
38 mara 14,000 ni 532,000. Inabaki nauli na soda. Eksteno hapati.

kirumba_jioni
Eksteno yenyewe ile ya diski inayozunguka ukiiangusha mara moja kwenye meli umelia. Yangu ilidondoka kutoka kitandani tu, ikaanza kulia tik tik tik, picha za harusi zote basi.

duka_la_kona
Hiyo picha ulijaribu kurudisha? Kuna fundi

kirumba_jioni
Alitaka laki nne. Nimebaki na zile za kwenye simu ya shemeji.

fundi_mirongo
Turudi kwa mwalimu. Ukifomati flashi, kwenye aina chagua exFAT, maana FAT32 haipokei faili moja linalozidi GB 4, na mafaili ya Kiwix mengine ni makubwa. Au uwe na Wikipedia ya Kiswahili tu, hiyo ni ndogo.

mpuppy_wa_nyakato
Na kuijekti wafundishwe, wasichomoe tu.

fundi_mirongo
Windows 10 za karibuni hazina shida sana ukichomoa, zimewekwa hivyo kuanzia 2018, ilimradi haikopi. Ila hizo 7 zake afundishe tu ndio.

mwalimu_wa_kisiwani
Nipo kwenye meli narudi Nansio, mawimbi leo si mchezo. Mrejesho: nimepima tatu, mbili zimepita moja imekufa katikati, mwenye duka kanibadilishia huku kanuna. Nimechukua 38. Najua mayu mtanilaumu, ila nimepanga zilale kwangu, zina namba na jina la mtoto, mzazi akija ataiona ya mwanae inaning'inia msumarini na uzi wa nyavu. Ikifika likizo ndo sijui. Ya Linux nitaomba ruhusa Jumamosi.

mama_fizikia
Sikulaumu. Nakala mama iko wapi?

mwalimu_wa_kisiwani
Kwenye laptopu yangu.

mama_fizikia
Laptopu hiyo hiyo uliyoichomekea flashi za dukani leo?

mwalimu_wa_kisiwani
Eeh. Alafu kuna mzazi kashapiga simu hapa, anauliza ya mwanae kama inaingia kwenye sabufa.

sato_mkavu
Mwambie kama umefomati exFAT haisomi, sabufa nyingi zinataka FAT32.

fundi_mirongo
Sato usimfundishe!