Naomba ushauri: kishona nguo na bangi mwitu vinaweza kuzuia ukungu kwenye nyanya?

Wakuu habari zenu, niko Lushoto huku nina nusu heka ya nyanya na masika hii bakajani (ule ugonjwa wa ukungu unaokausha majani) limeniandama balaa, kila wiki napiga dawa ya dukani na hela inaisha. Sasa shambani kwangu kishona nguo kimejaa mpaka kero, ukipita suruali yote vimbegu, na pembeni kuna bangi mwitu (ile ya kunuka, sio ile nyingine jamani 😂). Nikasoma kwamba hii mimea ya jamii ya alizeti ina kemikali zake za kujikinga na fangasi, kishona nguo kina poliasetileni na bangi mwitu ina thiofeni, na kinachonishangaza ni kwamba nyingi zinapata makali zikipigwa na mwanga wa jua.

Shida yangu sasa, nasikia hizo kemikali haziyeyuki vizuri kwenye maji, zinapenda mafuta au spiriti, na jua hilohilo linaziharibu haraka, kwa hiyo nikiloweka majani usiku kwenye ndoo nikachuja nikatia kwenye bomba si nitakuwa napiga maji tu ya kijani? Kuna aliyejaribu kuongeza sabuni ya kipande au spiriti kidogo, majani ya nyanya hayakuungua? Na lile bakajani chelewa nimeambiwa si fangasi kamili, sijui ndo litacheka tu.

Nataka nianze na mstari mmoja kwanza, mnipe vipimo vya bomba la lita 20 tafadhali.