Naomba ushauri: afande ameenda na leseni yangu

Habari zenu ndugu zangu. Mimi hubeba mboga kwa Probox kutoka Marikiti hadi Umoja, hapa Nairobi. Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilisimamishwa kwenye kizuizi cha Jogoo Road. Afande akaitisha leseni, akaiangalia, akaitia mfukoni. Akazunguka gari, akaigonga taa ya nyuma kwa kidole. Haikuwaka. Hilo kosa nalikubali.

"Kijana, jipange."

Nikamwambia, "Afande, niandikie nikajibu kortini, ama nilipe dhamana kituoni nipewe risiti." Akakunja uso. "Basi nenda, tutaonana jioni." Jioni nikarudi, hakuna kizuizi wala afande. Nambari yake ya kazi sikuiona, ilifunikwa na koti la mvua.

Najua Kifungu cha 49 cha Katiba ya 2010: aliyekamatwa aambiwe sababu mara moja, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Lakini mimi sikukamatwa, na karatasi yoyote sikupewa.

Nianzie wapi? Niende kituoni niandikishe kwa OB, kile kitabu cha matukio cha polisi, au nipeleke malalamiko moja kwa moja IPOA, ile mamlaka huru inayosimamia polisi? Na nikisimamishwa tena, nambari ya OB itanisaidia? Gari limelala siku mbili, sukuma zimeanza kugeuka manjano, na mwenye gari anataka hesabu yake. Kuhonga sitaki, nimelelewa hivyo. Aliyewahi kupitia haya tafadhali anieleze alivyofanya.